Mlenda, uwele na ubuyu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu chakula cha Dodoma na msimu wake

Mbukwenyi! Hiyo ni salamu yetu ya Kigogo. Tangu serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, mtaa wetu umejaa majirani kutoka Moshi, Bukoba, Mbeya na Dar es Salaam. Wengi wanafika na imani moja: huku ni vumbi tupu. Mimi ni mzaliwa wa Chamwino, nimelelewa na bibi, na kwa miaka kadhaa sasa nauza unga wa uwele na mboga za kukausha. Maswali haya nimeulizwa dukani, kwenye daladala, hata msibani. Nimechoka kuyajibu moja moja.

Dodoma ni kukame. Kuna nini cha kula ambacho hakijaletwa na lori?

Mvua ipo, ila ni ya msimu mmoja. Inaanza kati ya mwisho wa Novemba na Desemba, inakata Aprili, na jumla yake kwa mwaka ni kama milimita 500 hadi 600. Miezi saba inayobaki ni jua na upepo. Mtu wa Bukoba akisikia hivyo anaona njaa. Mgogo anaona kichanja cha kuanikia.

Ukilishika hilo, jiko la huku utalielewa lote. Chakula kinakuja kwa wingi ndani ya miezi michache, halafu jua lilelile linaloua mahindi ndilo linalotuhifadhia mboga, ubuyu, nafaka na nyama hadi mvua nyingine. Kwetu kukausha hakusubiri shida. Mwenye friji naye anakausha, maana mlenda mkavu una ladha ambayo mbichi haina.

Nitafute nini, na mwezi gani?

Mvua za kwanza zikigusa ardhi, kumbikumbi wanatoka na mibuyu inachipua majani. Mwisho wa Desemba na Januari mlenda unaota wenyewe mashambani, pamoja na mgagani na mchicha pori. Februari kuna majani ya kunde na ya maboga. Hapo kuna jambo ambalo wageni hawalijui: miezi hiyo ya kijani ndiyo ghala liko tupu. Mboga tele, unga hakuna. Bibi yangu alikuwa akisema Februari mtu anashiba mboga na kusindikiza kwa ugali.

Machi na Aprili kuna mahindi ya kuchoma na maboga. Karanga mbichi na njugu mawe za kuchemsha zinafuata, kisha Mei na Juni uwele na mtama vinavunwa, ikiwa ndege wa kwelea kwelea wameacha kitu. Furu zinaanza kuiva mvua ikikata. Kuanzia katikati ya mwaka, ubuyu na ukwaju vinakauka mitini. Zabibu zina hesabu yake, nitazifikia.

Oktoba ni mwezi wa vitu vikavu. Mtu akikuuzia "mlenda mbichi wa porini" Oktoba, muulize ameumwagilia kwa maji ya wapi.

Mlenda ni mmea gani hasa? Kila mtu ananionyesha jani tofauti.

Wote wako sahihi. Mlenda ni jina la utelezi zaidi kuliko jina la mmea mmoja. Kwa Kigogo tunaita ilende, na ndani ya jina hilo kuna jamii ya ufuta pori, kuna ule wenye maua ya zambarau hafifu yanayofanana na ya ufuta, na kuna jamii ya majani ambayo sehemu nyingine yanaitwa mrenda au murere. Bamia lenyewe wapo wanaoliita mlenda, na siwagombezi.

Unaouzwa mkavu sokoni kwa kawaida ni wa jamii ya ufuta pori. Majani yanachumwa machanga, yanaanikwa, yanatwangwa kwenye kinu na kuchekechwa. Unga mzuri una kijani kilichofifia kidogo, na ukiusugua kwa vidole viwili vyenye mate unaanza kuvutika papo hapo. Siku moja Soko la Majengo nilimuuliza mama mmoja, "Mama, huu ni wa mwaka huu?" Hakujibu. Alichota kidogo, akautemea mate kidoleni, akavuta, uzi ukafika karibu na kiwiko. "Wa mwaka jana unakatika hapa," akasema, akionyesha kifundo cha mkono.

Basi unapikwaje huo mkavu?

Kwa watu wanne chukua vikombe viwili vya maji, vijiko vitatu vya chakula vya unga wa mlenda, nyanya mbili, nusu kikombe cha karanga zilizosagwa, na magadi kwa ncha ya kisu. Ncha ya kisu, si kijiko. Magadi yakizidi mboga inakuwa na ladha ya sabuni, na hakuna dawa ya kuirekebisha zaidi ya kumwaga.

Chemsha maji na magadi kwenye sufuria kubwa kuliko unavyodhani unahitaji, kwa sababu mlenda unafura na kumwagikia jiko kama maziwa. Punguza moto. Nyunyiza unga kwa mkono mmoja huku mwingine unapekecha kwa kipekecho. Kama huna, mwiko mwembamba unatosha, lakini usiache kuzungusha. Ukiumimina wote kwa pamoja utapata madonge, na donge la mlenda ni kavu ndani hata likichemka nusu saa. Weka nyanya zilizokatwa ndogo. Acha uchemke bila mfuniko dakika tano hivi.

Karanga zikoroge pembeni kwa maji ya uvuguvugu hadi ziwe uji laini, ndipo uzimimine. Sasa moto mdogo kabisa. Utajua umeiva kwa kuangalia ukingo wa sufuria: mafuta ya karanga yanaanza kuonekana kama duara nyembamba la dhahabu. Chumvi inaingia mwisho, na onja kwanza, maana magadi nayo yana uchumvi wake.

Mlenda mbichi ni rahisi zaidi. Osha kabla ya kukata, usioshe baada ya kukata, vinginevyo utelezi wote unaondoka na maji.

Mume wangu ni Mchaga. Anasema hawezi kumeza kitu kinachovutika. Nifanyeje?

Mwanzo usimpe mlenda peke yake. Changanya unga kijiko kimoja kwenye mchicha au majani ya kunde, utelezi unakuwa kama mchuzi mzito tu. Nyanya na maji ya ukwaju vinaukata uzi. Pia ugali uwe mgumu na tonge liwe dogo. Watu wengi wanaoshindwa na mlenda wanashindwa kwa sababu wamepewa ugali laini, kwa hiyo hakuna kinachoshika kitu chochote mkononi.

Akikataa hata hapo, mwache. Mimi mwenyewe mtori sijauzoea.

Uwele, ulezi, mtama. Si ni kitu kimoja?

Hapana, na kosa hili limewaharibia watu uji. Ulezi ni punje ndogo nyekundu za kahawia, ndogo kama mbegu za mchicha, na ndio wengi wanaujua kwa uji wa watoto. Uwele una punje za kijivu zenye umbo la tone, na suke lake ni refu, limesimama kama mkia wa paka aliyeudhika. Mtama una punje za duara, kubwa kuliko zote tatu, nyeupe au nyekundu.

Dodoma ni nchi ya uwele na mtama kwa sababu mimea hii inavumilia ukame ambao mahindi hayavumilii. Mahindi tunayalima pia, na soko la Kibaigwa kule Kongwa ni maarufu nchi nzima kwa mahindi, lakini mkulima mzee atakuambia mahindi ni kucheza kamari na Machi.

Nimesonga ugali wa uwele, umetoka mchungu na unapasuka. Nimekosea wapi?

Uchungu unatoka dukani, si jikoni kwako. Uwele una mafuta mengi kuliko mtama, na ukishasagwa mafuta hayo yanaharibika upesi. Unga uliokaa mwezi kwenye rafu una harufu ya mafuta ya zamani na uchungu unaobaki kooni. Nunua punje, saga kidogo kidogo, kiasi cha wiki moja. Ukisaga zaidi, weka kwenye friji. Nusa kabla ya kununua. Muuzaji mzuri hatakuchukia.

Kupasuka ni kwa sababu uwele haushikani kama sembe. Anza na uji: koroga vijiko vinne au vitano vya unga kwenye maji baridi, mimina kwenye maji yanayochemka, acha utokote dakika tano hivi hadi uwe mzito. Huo uji ndio gundi. Kisha ongeza unga kidogo kidogo ukisonga, na punguza mkono, kwa kuwa uwele unaendelea kukaza hata baada ya kuuepua. Funika, moto mdogo, dakika chache. Mgeni aanze kwa kuchanganya theluthi moja ya unga wa mahindi. Hakuna atakayekucheka. Yaani, watakucheka kidogo.

Rangi yake ni ya kijivu. Ndivyo ulivyo.

Mboga za majani zinakaushwaje ili zisipoteze rangi na ladha?

Hapa nina ushuhuda wa aibu. Nilipoanza biashara niliona bibi anapoteza muda na mikeka yake kivulini. Nikachuma majani ya kunde ndoo mbili, nikayamwaga juu ya bati saa sita mchana, nikaenda mjini. Jioni yalikuwa yamekauka kweli, yanalia kama karatasi, rangi ya majivu. Bibi akachukua jani moja, akanusa, akaenda kuwapa mbuzi. Hakusema neno. Siku tatu.

Njia yake ni hii. Chuma asubuhi, majani machanga tu, yenye shina linalokatika kwa ukucha. Osha vizuri, kwa sababu vumbi la Dodoma likishakaukia kwenye jani halitoki tena. Tumbukiza kwenye maji yanayochemka yenye chumvi kidogo, hesabu dakika mbili au tatu, toa, chuja. Kuchemsha huko kwa muda mfupi ndiko kunakozuia majani yasiendelee kujiharibu yenyewe yakiwa yamehifadhiwa. Tandaza kwenye mkeka au ungo, tabaka moja, mahali penye kivuli na upepo. Jua kali linaunguza rangi na pia linaharibu kirutubisho kinachotengeneza vitamini A. Upepo mkavu wa Mei hadi Julai unafanya kazi yote bila madhara hayo. Funika kwa kitambaa chepesi au chandarua ambacho hakijatiwa dawa. Nasisitiza hakijatiwa dawa, kwa kuwa nimeona watu wanaanika mboga chini ya chandarua cha mbu chenye viuatilifu.

Geuza asubuhi na jioni. Siku mbili au tatu zinatosha. Pinda shina nene kuliko yote uliyonayo: likivunjika kwa sauti, tayari, likijikunja, rudisha. Hifadhi kwenye chombo kinachofunga, mbali na mwanga.

Wakati wa kupika, loweka kwa maji ya uvuguvugu robo saa, pika na maji hayohayo, kisha karanga. Majani makavu ya kunde kwa karanga na ugali wa mtama: hiki ndicho chakula ninachokikumbuka nikiwa safarini, kabla hata ya nyama choma ya mnadani Msalato.

Ubuyu wa Dodoma mbona si mwekundu na hauna pilipili?

Kwa sababu huo mwekundu umepikwa kwa sukari, rangi na viungo; ni pipi ya Pwani na Zanzibar, na mimi naipenda. Wa kwetu ni ule unaotoka kwenye kibuyu cha mti: vunja ganda, ndani kuna vipande vyeupe vilivyoshikwa na nyuzi nyekundu, vikavu kabisa vikiwa bado mtini. Hilo ni tunda linalojikausha lenyewe. Mti umetusaidia kazi.

Twanga taratibu kwenye kinu ili mbegu zitengane na unga, chekecha. Unga huo una vitamini C nyingi sana, kuliko machungwa kwa uzito uleule. Ila vitamini hiyo inaharibiwa na moto, kwa hiyo ukitia ubuyu kwenye uji, epua kwanza, uache upoe kidogo, ndipo ukoroge. Na kuna sababu nyingine nzuri ya kuuweka kwenye uji wa uwele: uwele una madini ya chuma, lakini mwili unayapata kwa shida, na vitamini C inausaidia kuyanyonya. Bibi hakujua maneno hayo. Alijua tu kwamba uji wa uwele bila ubuyu au ukwaju "umelala".

Mbegu usitupe. Zinakaangwa na kutwangwa, zinatiwa kwenye mboga badala ya karanga. Majani machanga ya mbuyu, yale ya mwanzo wa mvua, yanapikwa kama mboga na yana utelezi wa mlenda. Kausha uyahifadhi.

Ukwaju na furu je?

Ukwaju: loweka, kamua, chuja. Maji yake yanafaa uji, juisi na kulainisha nyama ya mbuzi mzee. Furu ni matunda madogo meusi, matamu kwa namna yake, yenye kokwa kubwa. Nyama yake ni kidogo kuliko kelele zake, na kinywa kinabaki cheusi. Watoto wanayapenda. Watu wazima tunasingizia tunawanunulia watoto.

Naruhusiwa kuchuma porini? Sitakamatwa?

Inategemea pori la nani. Shamba la mtu, piga hodi. Mlenda unaota kama magugu na mwenye shamba mara nyingi atafurahi uumalize, lakini kuingia kimya na ndoo ni ukosefu wa adabu. Msitu wa kijiji una utaratibu wake, waulize serikali ya kijiji. Hifadhi za misitu za serikali ziko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, na huko unahitaji kibali. Hifadhi za wanyamapori usijaribu.

Sehemu za kuepuka ni kandokando ya barabara kuu, karibu na madampo, na kwenye mashamba ya zabibu. Hili la mwisho watu hawalitarajii. Zabibu zinapuliziwa dawa za ukungu, na mlenda mnono ulioota chini ya mizabibu umezinywa hizo dawa pamoja na maji. Muulize mwenye shamba amepulizia lini. Nami ninavyouza mboga, hapo sichumi kabisa.

Jambo la pili: usichume usichokijua. Mnanaha unaota sehemu zilezile zinazoota mchicha pori, na ukiwa mchanga unaweza kuingia kwenye fungu la mboga bila kuonekana. Sumu yake inamfanya mtu akauke kinywa, mboni zitanuke, aanze kuzungumza na wasiokuwepo. Ndulele, yale matunda ya njano ya kichaka chenye miiba, yanavutia watoto, waambie mapema. Nenda na mwenyeji mara tatu nne kabla hujaenda peke yako.

Na uyoga?

Uyoga ni mtamu, hasa ule mkubwa unaoota kwenye vichuguu mvua zikikolea. Lakini kuhusu uyoga nina msimamo mkali kuliko mahali pengine popote kwenye ukurasa huu: kama hukulelewa na mtu anayeuchuma pori hilohilo, usichume. Ile habari ya kijiko cha fedha, au kitunguu kinachobadilika rangi, au kwamba uyoga ulioliwa na konokono ni salama, yote ni uongo unaoua. Kuchemsha hakutoi sumu ya ile mibaya zaidi. Na dalili zake zinaweza kuchelewa saa nyingi, mtu akapata nafuu kidogo, akadhani yamekwisha, kumbe ini ndilo linaharibika. Aliyekula na kutapika apelekwe hospitali na kipande cha uyoga kilichobaki.

Nunua kwa mama unayemjua, au ule uyoga uliolimwa.

Kumbikumbi wanaliwaje?

Weka taa juu ya beseni la maji usiku baada ya mvua ya kwanza. Watajileta. Ondoa mabawa, kaanga kwenye kikaango kikavu bila mafuta, wana mafuta yao, tia chumvi. Anika juani wakauke uwahifadhi. Usiwakusanye kwenye nyumba iliyopuliziwa dawa ya mchwa. Na mtu ambaye kamba wa baharini humwasha mwili, asile kumbikumbi pia. Mwili unaweza kuwakataa kwa sababu ileile.

Karanga: nimesikia zina sumu. Ni kweli?

Karanga zenyewe hazina. Ukungu unaoota juu yake ndio unaotoa sumukuvu, na hili si la kuchukulia mzaha Dodoma. Mwaka 2016 watu waliugua ghafla katika mikoa ya Dodoma na Manyara baada ya kula mahindi yenye sumukuvu. Waliorekodiwa walikuwa 68, na 20 kati yao walifariki. Ilikuwa ndani ya nyumba za watu waliokula mavuno yao wenyewe.

Ukungu unapenda zao lililoteswa na ukame shambani, kisha likahifadhiwa likiwa na unyevu. Mambo yote mawili tunayo. Kupika hakuiondoi sumu hiyo, kukaanga hakuiondoi yote, na hata pombe iliyotengenezwa kwa nafaka mbovu inabaki nayo. Kwa hiyo kazi inafanyika kabla ya jiko. Vuna kwa wakati. Usianike karanga au mahindi juu ya udongo mtupu. Tumia turubai au kichanja. Kausha hadi punje ilie ukiitikisa. Hifadhi kwenye mifuko isiyopitisha hewa, juu ya mbao, si sakafuni. Chambua kwa mkono: iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, iliyovunjika, yenye ukungu, toa yote. Wala usimpe kuku, maana sumu inampata naye.

Usinunue karanga zilizosagwa tayari kama humjui aliyesaga. Kwenye karanga iliyosagwa huwezi kuchambua tena.

Kwa kuwa tumezitaja karanga, Waingereza walifika Kongwa mwaka 1947 na matrekta yao kulima karanga kwa maelfu ya ekari. Udongo mwekundu ukikauka ukawa mgumu kama tofali, majembe yakavunjika, mvua haikuja walivyopanga, na mradi ukatupwa mwaka 1951. Wanawake wa Kongwa wanalima karanga hadi leo, kwa jembe la mkono, mvua ikishalainisha ardhi.

Zabibu zinapatikana lini, na tofauti na kula mbichi zinafaa nini?

Dodoma zabibu zinavunwa mara mbili kwa mwaka: Februari hadi Machi, tena Agosti hadi Septemba. Za mwezi wa nane ndizo ninazozipenda, kwa sababu hakuna mvua ya kuzichujisha. Osha kwa maji mengi, mara mbili. Ukitaka zabibu kavu, tumia hizo za pili: tandaza kwenye chekeche lililoinuliwa, funika, geuza kila siku, na siku kumi hivi zinatosha upepo ukiwa mzuri. Za Februari zitaoza kabla hazijakauka. Nimejaribu.

Asali ya Itigi na ya nyuki wadogo zina tofauti gani?

Asali ya kawaida kutoka Itigi na Manyoni ni ya nyuki wakubwa wanaouma, nzito, na rangi yake inafuata maua ya msimu. Ya nyuki wadogo wasiouma ni nyepesi kama maji, ina uchachu, na ni ghali kwa sababu mzinga mmoja unatoa kidogo sana. Vipimo vya kiberiti na glasi ya maji haviwezi kukuambia kama imechanganywa na sukari. Mjue muuzaji. Asali inayoganda si lazima iwe mbaya.

Mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe asali ya aina yoyote, hata kwa kumlambisha.

Nyama ya porini?

Kwenye bucha lenye leseni ya nyamapori, na upewe risiti. Anayekuletea usiku ndani ya mfuko mweusi anakuletea kesi.

Nina kisukari. Nimeambiwa ugali wa uwele unatibu.

Hautibu. Ni wanga, kama ugali mwingine, ingawa ule usiokobolewa una nyuzinyuzi zaidi na hukaa tumboni vizuri kuliko sembe. Kiasi ndicho kinachohesabika: tonge chache, mboga nyingi. Mwenye presha naye aangalie magadi, kwa kuwa yana sodiamu kama chumvi. Mlenda unapikika bila magadi, ila utachukua muda mrefu kidogo na rangi haitang'aa. Dawa zako endelea nazo.

Ninunue wapi?

Majengo na Sabasaba kwa mboga kavu, ubuyu na ukwaju. Soko la Job Ndugai kwa wingi wa nafaka na matunda. Mnada wa Msalato kwa nyama na kwa akina mama wanaotoka vijijini na vikapu; hao ndio wenye unga wa mlenda mzuri, wahi asubuhi. Mchele wa Bahi unapatikana Bahi kwenyewe na mjini. Samaki wakavu wa Mtera waulize wanatoka kwa nani, na nusa tumbo la samaki, si mgongo. Nafaka pima kwa kisado na uangalie kisado hicho hakijapindwa chini.

Naweza kumtumia dada yangu mlenda Dar kwa basi?

Unaweza, lakini si kwenye mfuko wa plastiki mwepesi. Dar kuna unyevu, na unga wa mlenda unauvuta hewani kama chumvi inavyofanya. Ndani ya wiki mbili utaganda na kuwa mweusi. Tia kwenye chupa au kopo la plastiki linalofunga, jaza hadi juu ili hewa isibaki, zungushia selotepu kwenye mfuniko. Mwambie asichote kwa kijiko chenye maji. Na andika juu ya kopo kwa herufi kubwa kwamba ni mlenda, kwa sababu shemeji yangu wa Temeke alipokea kopo la kwanza, akadhani ni dawa ya tumbo, akawa anakunywa kijiko kimoja asubuhi kwa siku nne. Anasema ilimsaidia.